Dawa Iliyofuata Ng'ombe

Siku ya kuniaga hospitalini, mgeni rasmi alisimama akasema mimi nilizaliwa na wito wa kuuguza watu wanaokaribia kufa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nakula pilau, nikaendelea kula, maana si adabu kumsahihisha mgeni rasmi mbele ya keki. Lakini ninyi vijana wa kitengo mmeniomba niandike, na kwenye karatasi naweza kumsahihisha bila kumwaibisha. Sikuzaliwa na wito wowote. Nilihamishiwa kazi hii kwa sababu ya mdomo wangu.

Habari za vyeo na mishahara zimo kwenye faili langu, anayezitaka akaombe masijala. Hapa naandika yale ambayo faili halina.

Jina langu ni Rajabu, Mrangi wa Kondoa, na nilianza kazi kama muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kazi ile ilinifaa kwa sababu mimi ni mtu wa saa. Mke wangu husema siku malaika akija kunichukua nitamuuliza kwa nini amechelewa. Bahati mbaya tulikuwa na daktari mmoja, mpasuaji hodari kweli kweli, ambaye akisema saa mbili ujue ni saa nne. Asubuhi moja mgonjwa alikuwa amelala mezani, hajala tangu jana yake, daktari akaingia saa tano kasoro huku anapiga mluzi. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba hata mgonjwa ana saa. Wiki mbili baadaye barua ikaja. Nilikuwa nahamishiwa Hanang, kitengo cha kuwahudumia majumbani wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Barua ilinishukuru sana kwa utumishi wangu mwema.

Siku hizo jina la tiba shufaa lilikuwa bado geni. Kitengo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya kliniki ya mama na mtoto, kabati la chuma lenye kufuli mbili, pikipiki moja na mama mmoja. Mama huyo alikuwa Nesi Paskalina, Mwiraqw wa hukohuko, amebakiza miaka michache astaafu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Wewe ndiye uliyemgombeza daktari?"

"Ndiyo, mama."

"Sawa. Huku hakuna daktari wa kumgombeza. Kunywa chai twende."

Siku hiyo ya kwanza tulikwenda Nangwa. Nesi Paskalina aliendesha pikipiki mwenyewe, mimi nikakaa nyuma nimekumbatia sanduku la dawa. Mgonjwa wetu alikuwa mama mmoja aitwaye Valeria, lakini tulipofika kijijini Nesi Paskalina akasimama kwanza kwenye nyumba nyingine. Akashuka, akasalimia, akaulizia maharage, akaulizia mguu wa bibi, akapokea kikombe cha uji. Tukapanda pikipiki, mita mia mbili mbele akasimama tena. Uji mwingine. Nyumba ya tatu nilikuwa nimeshatazama saa yangu mara nane.

"Mama, mgonjwa wetu yuko nyumba ipi?"

"Ile ya bati jipya, pale juu."

"Na hapa tunafanya nini?"

"Tunasalimia."

Alinieleza tulipokuwa tunapanda kilima. Watu wanaijua pikipiki ya kitengo, alisema. Ikienda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mtu, majirani wanaanza kutafuta mbao za jeneza, na mgonjwa mwenyewe akisikia mlio wake anajua amehukumiwa. Lakini ikizoea kusimama kila mahali inakuwa pikipiki kama pikipiki nyingine. Kwa hiyo kila safari tunywe uji kwa watu wazima wenye afya zao. Niliona ni kupoteza muda wa serikali. Nimeufuata utaratibu huo mpaka siku ninastaafu, na tumbo hili mnalolitania limejengwa na uji wa Hanang na Mbulu.

Mama Valeria alikuwa na kidonda cha titi kilichokuwa kimefunguka. Harufu yake ilitupokea uani. Alikuwa amejihamisha mwenyewe kutoka chumbani, analala kwenye ghala pamoja na magunia ya mahindi, na wanawake wa jumuiya waliokuwa wakisali naye kila wiki walikuwa hawaji tena. Hakuna aliyemfukuza wala kumsema. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake tu. Mumewe aliponiona akasema wazi kwamba hakuna mwanamume mwingine atakayemwona mke wake. Nesi Paskalina hakubishana naye. "Huyu atakaa na wewe hapa nje," akamwambia, akaingia peke yake. Nikakaa na yule mzee kwenye kigogo tukapukuchua mahindi. Hatukuzungumza zaidi ya maneno kumi. Nilipoondoka aliniambia mikono yangu ni mizito lakini nitazoea.

Msidhani ni dawa za kisasa zilizomsaidia mama yule. Nesi Paskalina alisaga vidonge vya kawaida kabisa vya metronidazo, vile vya kuua bakteria, mpaka vikawa unga, akaunyunyiza kwenye kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa safi, akamfundisha binti wa mama huyo kufanya vilevile kila siku. Tuliporudi wiki iliyofuata, harufu ilikuwa imekwisha. Wiki ya pili yake tulikuta viatu vya kike vimejaa mlangoni. Wanawake wa jumuiya walikuwa ndani, wanaimba, na Mama Valeria alikuwa katikati yao kitandani kwake, chumbani kwake, amefunga kilemba cha kitenge. Safari hii mumewe alinisukuma mwenyewe niingie nikaone.

Nilitoka nikasimama nyuma ya zizi nikalia, na sikuona aibu. Nilikuwa nimesimama mezani kwenye mamia ya upasuaji, watu wamepona wakarudi makwao, na sikuwahi kufurahi namna ile. Na mama huyu hakuwa anapona, sote tulijua. Jioni ile nikiwa nyuma ya pikipiki nilitamani kesho ifike. Kama hicho ndicho kinachoitwa wito, basi wangu ulinikuta nimebebwa na mama wa miaka hamsini na kitu kwenye barabara ya vumbi, miguu inaning'inia. Mgeni rasmi angejua, angetafuta maneno mengine.

Sasa niseme kidogo kuhusu vifaa, maana najua mmekuja na kompyuta za mkononi. Sanduku langu lilikuwa na mofini ya maji ya kutuliza maumivu kwenye chupa, sirinji zisizo na sindano, dawa ya kulainisha choo, glavu, na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Rangi hiyo ilikuwa ya kuchora mstari kwenye sirinji. Bibi asiyesoma namba anavuta dawa mpaka kwenye mstari mwekundu, basi. Mke wangu alikikuta kichupa kwenye koti langu mwaka wa kwanza wa ndoa na nilitumia jioni nzima kujieleza. Kuhusu dawa ya choo, nawaomba kwa heshima zote, msimpe mtu mofini bila hiyo. Mgonjwa atakusamehe mengi, lakini siku tano bila choo hatakusamehe.

Maumivu tulipima kwa mkono. Ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni yale ambayo mtu hawezi kufikiri kitu kingine. Hata mtu asiyejua Kiswahili anaelewa ndani ya dakika moja.

Kilichonisumbua kilikuwa saa. Mofini ya maji hudumu mwilini kama saa nne hivi, kwa hiyo lazima itolewe saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na mara mbili ya kipimo wakati wa kulala. Lakini nyumba nyingi hazikuwa na saa ya ukutani, na simu ikiisha chaji ilikaa siku tatu kabla mtu hajakwenda sokoni. Nilikuta wagonjwa wamepewa dawa tatu asubuhi na hakuna jioni. Ndipo nikagundua, na niliringa sana kwa ugunduzi huu, kwamba kila nyumba ina saa isiyokosea, nayo ni ng'ombe. Wanakamuliwa saa kumi na mbili. Wanatoka kwenda malishoni saa nne, umande ukishakauka. Wanakwenda majini saa nane. Wanaingia zizini saa kumi na mbili jioni. Nikawaambia watu, ukikamua mpe, ng'ombe wakitoka mpe, wakienda majini mpe, wakiingia mpe, ukilala mpe mbili. Makosa yakapungua mara moja. Nilialikwa Babati kuueleza utaratibu huu kwenye semina, wakanipigia makofi, nikarudi na kofia ya semina.

Nesi Paskalina alistaafu, mimi nikahamishiwa Mbulu kuanzisha kitengo huko. Huko ndiko nilikokutana na Mzee Lohay wa Maretadu, ambaye ndiye sababu hasa ya kukubali kuandika haya.

Mzee Lohay alikuwa na saratani ya tezi dume iliyokuwa imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Maumivu ya mifupa ni mabaya kuliko yote niliyowahi kuyaona. Nilipomwamkia na kumwomba anioneshe kwa mkono, alinyoosha vidole vitano, akafikiri, akaongeza kimoja cha mkono wa pili. Nikatoa chupa. Akaitazama kama mtu anayetazama nyoka kwenye kikapu.

"Hiyo inalaza ulimi?"

"Siku tatu nne za mwanzo utasinzia, mzee. Baada ya hapo kichwa kinafunguka."

"Na maneno?"

"Maneno gani?"

Mkewe, Mama Emanueli, ndiye aliyenielewesha. Mzee alikuwa msemaji wa slufay. Ninyi mliozaliwa huku mnaijua. Kwa wale waliopangiwa huku kama mimi, ni sala ndefu ya baraka ya Wairaqw, mzee anaitamka mstari kwa mstari na watu wote wanaitikia kwa pamoja kila mstari. Haisomwi popote, inatoka kichwani, na si kila mwenye mvi anaiweza. Mzee Lohay alikuwa ameitwa kwenye arusi na mikutano kata nzima kwa ajili ya hiyo. Na sasa mjukuu wake Restituta, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa anaolewa baada ya mavuno na kijana wa Gehandu.

"Nimebariki watoto wa watu miaka arobaini," mzee akasema. "Huyu wangu nimnyamazie? Afadhali mgongo uume."

"Nakuahidi utasema," nikamwambia.

"Wewe Mrangi unaijua slufay?"

"Siijui, mzee."

"Basi unaniahidi kitu usichokijua."

Alikuwa sahihi, lakini nilikuwa nimeshaahidi. Tukapatana hivi. Atakunywa dawa, na kila Alhamisi nikija atanitamkia sehemu ya slufay. Akipoteza neno moja, chupa narudi nayo. Siku ya kwanza baada ya kuanza dawa alisinzia katikati, nikatoka jasho. Alhamisi ya pili akatamka dakika kumi bila kukwama, akanionesha kidole kimoja. Mama Emanueli alinifundisha kuitikia, maana slufay isiyoitikiwa, aliniambia, ni mtu anaongea peke yake. Kiiraqw changu kilimfanya mzee acheke mpaka akashika mbavu, na mtu mwenye saratani ya mifupa kucheka namna ile si jambo dogo. Alhamisi zile zilikuwa saa zangu nzuri kuliko zote katika kazi. Mama Emanueli alitoa dawa kwa saa ya ng'ombe bila kukosea hata mara moja, wiki saba.

Siku ya arusi ilikuwa Jumamosi. Nilialikwa kama mgeni, nikavaa suti na kofia yangu nzuri ya kiua, nikachukua sanduku kwa mazoea tu. Utaratibu ulikuwa kwamba wageni wa Gehandu wafike asubuhi kumchukua binti, mzee atoe baraka nyumbani, kisha watu wote washuke kanisani, ndoa saa nane. Nilifika saa tano na dakika chache. Wageni walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Uwanja ulikuwa umefagiwa vizuri sana, hata zizi lilikuwa safi na tupu, wamepanga humo viti vya kukodi.

Nikaingia chumbani. Mzee alikuwa ameelekea ukutani, blanketi limeloa jasho. Nikamwamkia. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, vidole vitano.

"Mzee, dawa umepewa?"

"Ya leo, hapana." Alisema kidogo kidogo, kila neno kwa pumzi yake. "Nikadhani mmepatana. Nisipewe. Kichwa kiwe chepesi. Nikanyamaza."

Nikamwita Mama Emanueli. Akaja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Mama, dawa ya asubuhi?"

"Ng'ombe hawajatoka bado, nesi."

"Wako wapi?"

"Tuliwapeleka kwa shemeji alfajiri, ili wageni wapate nafasi. Huko ndiko wamekamuliwa na..."

Akasimama. Akauweka mkono mdomoni, unga ukabaki shavuni. Hapa nyumbani kwake siku hiyo hakukamuliwa ng'ombe, hakutoka ng'ombe, basi hapakuwa na saa kumi na mbili wala saa nne. Dozi mbili zilikuwa zimepita. Alikuwa na mapishi ya watu mia mbili, na alikuwa amefuata neno kwa neno kile nilichomfundisha.

"Nimemsahau mume wangu," akasema.

"Hujamsahau, mama. Mimi ndiye niliyesahau kwamba ng'ombe wanaweza kuhama."

Nilijikasirikia kiasi ambacho sijawahi kumkasirikia daktari yeyote. Wiki saba nilikuwa nikizuia maumivu yasianze, na mofini huzuia vizuri kuliko inavyozima. Yakishashika moto ni kazi nyingine. Tangu siku hiyo kila ninapopanga saa za dawa na familia, nauliza swali moja la ziada: ni siku gani ambayo jambo hili halitafanyika hapa? Kuna mnada, kuna msiba, kuna arusi, kuna siku ya kuogesha ng'ombe. Andikeni swali hilo ndani ya jalada la daftari zenu. Semina ya Babati hawakulisikia kwa sababu sikuwa nalo.

Nikampa dozi yake saa tano na dakika kumi. Kwa hali ile ilihitaji karibu saa nzima kumfikisha mahali pa kuweza kukaa, na pengine nyongeza kidogo katikati. Saa nzima hiyo hatukuwa nayo. Emanueli, mwanawe mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi.

"Nesi, katekista amepiga mara mbili. Wageni wamekaa tangu saa nne. Baba mdogo atasema, tumeshaongea naye."

Baba mdogo huyo alikuwa Tluway, mdogo wake mzee, mtu mwema kabisa, ambaye slufay yake, kwa ushahidi wa Mama Emanueli, ilikuwa fupi kama tangazo la chanjo. Mzee alisikia yote.

"Mwache Tluway aseme," akasema akiwa bado ameelekea ukutani. "Mimi nimeshindwa."

Nimesikia watu wengi wakisema maneno ya mwisho, lakini hayo mawili bado yananiuma, kwa sababu hakuwa ameshindwa yeye. Nikamwambia Emanueli anipe saa moja. Akaniuliza atawaambia nini wageni. Nikamwambia nitawaambia mwenyewe.

Basi mimi, mtu wa saa, niliyehamishwa kazi kwa kumkaripia mtu aliyechelewa, nikasimama mbele ya watu mia mbili kuomba wachelewe. Niliwaamkia wazee wa pande zote mbili, mmoja mmoja, taratibu kama Nesi Paskalina. Kisha nikasema ukweli. Nikasema mimi ndiye muuguzi wa mzee, nilifunga dawa yake kwenye mikia ya ng'ombe, leo ng'ombe wamehama na dawa imehama nao, na kosa ni langu si la mwenye nyumba. Naomba saa moja.

Kisha mzee mmoja wa Gehandu, mrefu, mwenye fimbo nyeusi, akauliza, "Ng'ombe wa hapa wanatoka saa ngapi?"

"Saa nne, mzee."

"Saa nne! Hao ni ng'ombe au watumishi wa serikali?"

Upande wa Gehandu ukaangua kicheko. Wazee wa Maretadu hawakucheka. Mmoja akasimama akaeleza kwamba huku juu kuna baridi na umande, ng'ombe akila majani mabichi ya alfajiri anavimba tumbo, jambo ambalo watu wa tambarare hawawezi kulijua. Yule wa fimbo nyeusi akajibu kwamba huko kwao jua halimsubiri mtu aliyelala. Mwingine akasema hata huku zamani walitoka saa tatu, ni vijana wa siku hizi ndio wavivu. Vijana wakajitetea. Mama mmoja akauliza kwa nini hakuna anayewauliza wanawake wanaokamua. Sijui kama walifanya kwa kunihurumia au walipenda tu ubishi, na mpaka leo sijauliza. Nilichojua ni kwamba hakuna aliyekuwa anaangalia simu yake.

Nikawa naingia na kutoka. Vidole vitano. Nikampa nyongeza ndogo. Vidole vinne. Restituta alikuwa ameingia na gauni lake jeupe, amekaa sakafuni bila kujali, amemshika babu yake mguu. Nilipotoka walikuwa wamefika kwenye habari za kupe. Nilipoingia tena, mzee alikuwa amegeuka, anatazama dari, midomo inacheza bila sauti. Akaniona. Akatoa vidole viwili, kisha akakunja kimoja.

"Huko nje wanagombania nini?"

"Saa ya kutoa ng'ombe, mzee."

"Wajinga. Ni saa nne. Niinueni."

Nitawaambia sasa hivi ili nisilazimike kurudi huko: Mzee Lohay alifariki wiki tano baada ya siku hiyo, mchana, kitandani kwake, mkono umekunjwa ngumi. Mama Emanueli alitumia simu yenye kengele, na ng'ombe pia, kwa kuwa hakuwa tayari kuiamini simu peke yake. Nilikuwepo mazikoni. Lakini nataka kumalizia na Jumamosi ile.

Tulimweka mlangoni kwenye kiti, blanketi lake begani, fimbo mkononi. Ubishi ukafa wenyewe. Akaanza. Mstari wa kwanza, watu wakaitikia. Wa pili. Wa tatu. Kisha akanyamaza.

Akafumba macho. Tluway alianza kuinuka kwenye benchi. Mimi niliyeahidi kitu nisichokijua nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, na katika kichwa changu nilishaanza kumwomba msamaha. Mzee akanyoosha mkono pembeni bila kufumbua macho. Mama Emanueli akaelewa kabla yetu wote, akampa kikombe cha maziwa. Akanywa funda moja, kinywa kilikuwa kimekauka tu, mofini hufanya hivyo. Akairudisha sauti, na safari hii ilitoka nzito, ikafika mpaka kwenye viti vya zizini.

Alimwombea Restituta nyumba isiyokosa moto. Akawaombea Gehandu mvua na Maretadu jua. Akamtaja mama yake Restituta, marehemu, na watu wakaitikia kwa sauti ya chini, wanawake wakajifuta macho kwa kanga. Nilielewa nusu, nyingine alinieleza Mama Emanueli baadaye. Dakika arobaini hakukosea neno. Simu ya Emanueli ilikuwa inatetemeka mfukoni, naye akaiacha itetemeke.

Kisha akatulia. Watu wakajua amemaliza, wengine wakaanza kukusanya miavuli. Mzee akageuza shingo akanitafuta.

"Nesi. Dawa yako imebakiza muda gani?"

Nikatazama saa. "Saa mbili na kidogo, mzee."

"Basi inatosha," akasema. Akaishika fimbo upya, akavuta pumzi, akaanza tena tangu mwanzo, sasa kwa ajili ya watoto wa Restituta ambao bado hawajazaliwa. Watu wakakaa. Nikavua saa, nikaitia mfukoni, nikaitikia pamoja nao.